Moto wa Bibi Mkuu

Truong Thi Thuc Doan wa Kim Long, mjini Hue, alidhulumiwa na mtu aliyekula mezani kwake. Alimkabidhi mtu huyo mama wa ukoo wao akiwa mzima, mwenye harufu ya tambuu mdomoni na utomvu wa balungi vidoleni. Baada ya miaka miwili akarudishiwa msaliti wa mji, amefungwa kwa jalada gumu, na jina lake limepigwa chapa katika kila ukurasa. Na kwa dhuluma hiyo alishukuriwa. Kabla hadithi haijaanza, peke yake katikati ya ukurasa mweupe, mwandishi aliweka maneno haya: “Kwa dada wa Kim Long, aliyenifungulia lango.”

Doan alikuwa amefundisha jiografia katika shule ya sekondari kwa muda mrefu, hata wanafunzi wake wa mwanzo walimletea watoto wao awafundishe. Mumewe alifariki mapema, binti yao akaolewa Da Nang, naye akarudi kuishi na mama yake katika nyumba ya bustani ya akina mama yake, ambayo ilibaki bila mwanamume tangu vita vilipowachukua wajomba zake wawili. Mama alitunza madhabahu ya ukoo. Doan alimtunza mama. Saa zilizobaki za siku alisoma.

Alisoma riwaya za kihistoria, na hizo alizisoma jinsi mpishi anavyoonja mchuzi wa jirani: polepole, kwa adabu, lakini akitafuta kosa. Alizoea kuwaambia walimu wenzake, “Kama hajui wali wa mfalme ulipikwa kwa kuni gani, nitamwaminije akiniambia mfalme alilia?”

“Dada Doan,” mmoja wao alimtania, “wewe unataka riwaya au unataka jiko?”

“Nataka riwaya yenye jiko.”

Mac Khai, mwandishi wa Saigon, alikuwa na jiko. Riwaya zake mbili za mwanzo Doan alizisoma hadi gundi ya mgongo ikaachia. Ndani yake watu walivaa nguo zilizoshonwa kwa uzi wa zama zao, waliugua maradhi ya zama zao, na mvua ilinyesha katika mwezi wake. Akamwandikia kumpongeza. Mac Khai akajibu kwa mkono wake mwenyewe, kwamba sasa anaandika juu ya mwaka 1885, mwaka Wafaransa walipoiteka Ngome, makao ya mfalme, na mji ukaanguka, na kwamba amechoka na nyaraka za serikali, anatamani kusikia nyumba ikizungumza. Doan alimjibu siku hiyohiyo. Nyumba, alisema, ipo.

Mac Khai alikuja msimu wa mafuriko, na mwavuli uliokwisha kuvunjika ubavu, akavua viatu ng’ambo ya kizingiti bila kuambiwa. Alikaa jikoni, si sebuleni. Alimenya balungi mwenyewe, akatenga ngozi kwa ajili ya kuoshea nywele kama watu wa nyumba ile wanavyofanya. Hakuandika chochote mbele yao. Alisikiliza tu, na Doan alimpenda kwa hilo kuliko kwa vitabu vyake vyote.

“Kijana huyu,” mama alisema, akimgeuzia macho yake yaliyoingia ukungu wa uzee, “anauliza kama polisi, ila anakula kama mwana.”

“Mama, nikiacha kuuliza utanipa chakula?”

“Nitakupa. Nikiacha kukupa chakula utauliza?”

Mac Khai alicheka hadi akapaliwa.

Wakampa kila kitu. Wakamwonyesha kijisanduku cha tambuu cha Bibi Mkuu, na kisu chake cha kukatia popoo chenye mpini uliomeguka pembeni. Bibi Mkuu alikuwa bibi yake mama. Alifariki mwaka 1944, mama akiwa msichana wa miaka kumi na minne aliyelala ubavuni pake. Usiku mji ulipoanguka, Bibi Mkuu alikuwa na miaka kumi na saba, anauza mbegu za yungiyungi zilizopikwa kwa sukari karibu na lango mojawapo la Ngome. Mama alikumbuka jinsi Bibi Mkuu alivyoficha kila mbegu ndani ya tunda dogo la longani, ili mlaji akidhani amefika mwisho wa utamu aukute mwingine. Alikumbuka jinsi alivyokunja jani la tambuu kwa mkono mmoja. Alikumbuka wimbo wa kubembeleza uliokatika katikati, kwa sababu hata Bibi Mkuu mwenyewe hakuujua mwisho wake.

Wakamweleza na juu ya moto.

Kila mwaka, siku ya ishirini na tatu ya mwezi wa tano kwa kalenda ya mwezi, mji mzima wa Hue huweka meza nje kwa ajili ya roho za waliokufa mji ulipoanguka: wali, chumvi, mahindi ya kuchemsha, mtungi wa maji. Nyumba nyingi huwasha na moto. Pale Kim Long, mtaa wao huwasha mmoja mkubwa, mbele ya lango la nyumba ya Bibi Mkuu, na kila jirani huleta kuni zake kuutilia. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Bibi Mkuu mwenyewe, aliyeuwasha kwanza peke yake, mwaka baada ya mwaka, hata majirani wakaona haya kumwacha mwanamke mmoja akivunja kuni zake.

“Kwa nini moto, Mama?” Mac Khai aliuliza. “Mwezi wa tano joto linaua.”

“Kwa sababu wana baridi.”

“Akina nani?”

“Waliokufa. Wengi walifia handakini, majini. Ungekuwa wewe usingesikia baridi?”

Siku ya mwisho Mac Khai aliomba kufukiza ubani mbele ya madhabahu. Kisha akamgeukia Doan kwa sauti ya chini. “Dada, ubani usio na jina hupotea njiani. Niambie nimwombee nani.”

Watu wa Hue hawatamki ovyo jina la marehemu wa ukoo wao, na katika nyumba ile ilikuwa zaidi ya hivyo. Jina la Bibi Mkuu lilikuwa pia jina la kitu kinachouzwa sokoni kila asubuhi. Kwa hiyo watu wa nyumba walikiita kitu hicho kwa neno lao wenyewe, na wauzaji walilizoea. Mtoto wa ukoo ule huambiwa jina mara moja tu, akishapata akili, ili asije akampa mwanawe. Doan hakuwahi kulisikia tena tangu aambiwe. Lakini mgeni alikuwa amesimama na vijiti vya ubani mkononi, moshi unampanda usoni, ameinamisha kichwa kama mwana. Akainama, akamnong’oneza sikioni.

Halitaandikwa hapa.

Kitabu kilifika Januari 2017, siku chache kabla ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya, kikiwa na sahihi ya mwandishi. Kiliitwa *Mvua Juu ya Ngome*. Doan alikiweka madhabahuni kwanza, kama anavyowekewa marehemu tunda la kwanza la msimu. Alasiri iliyofuata akaketi na mama juu ya kitanda cha mbao, akaanza kusoma kwa sauti.

Katika ukurasa wa tatu alilikuta jina. Alisita kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

“Mbona umenyamaza?”

“Nimemeza mate tu, Mama.” Akasoma, “Msichana yule akaweka chini kapu lake.”

Alijiambia kwamba mwandishi alisahau, au hakuelewa; watu wa kusini si wakali wa mambo hayo. Popote jina lilipotokea aliweka “msichana yule”, na kitabu kilikuwa kizuri kiasi kwamba baada ya siku mbili aliruka jina bila hata kufikiri. Jiko lilikuwamo, na moshi wake. Mbegu ilikuwamo ndani ya longani. Wimbo ulikatika palepale unapokatika.

“Hee!” mama alipiga paja lake. “Kisu hicho ni chetu! Kimemeguka wapi? Soma tena.”

“Pembeni, upande wa kidole gumba.”

“Ndicho! Ndicho chenyewe! Ama kweli huyu mtoto tumemlisha, akashiba, akakumbuka.”

Mama hakuwa amecheka hivyo tangu macho yake yalipoingia ukungu. Wiki ile Doan alimpikia Mac Khai, moyoni mwake, karamu ambayo hakuna mgeni aliyewahi kupikiwa.

Kisha wakafika kwenye sura ya lango. Alfajiri, mizinga imenyamaza. Msichana yule amejificha chini ya ukuta na kapu lake. Afisa wa Kifaransa anatokea kwenye ukungu, na msichana anamfahamu, kwa kuwa kwa miezi mitatu amekuwa akimuuzia mbegu za yungiyungi na vitu vingine zaidi ya mbegu. Doan alisoma hadi hapo akiwa na wasiwasi. Sentensi iliyofuata macho yake yaliiona kabla mdomo haujaifikia: msichana anasimama, anafuta mikono yake kwenye nguo, na kuinua komeo.

Mdomo ulikuwa wazi, mama anasubiri. Doan akasema, “Msichana yule akakaa kimya hadi afisa akapita.”

“Ehe?”

“Halafu… halafu akatoka, akaanza kufunika maiti kwa mikeka.”

“Ehe,” mama alisema tena, polepole zaidi.

Sehemu iliyobaki Doan aliisoma peke yake, amesimama jikoni, mgongo umeegemea mtungi wa maji. Wafaransa waliingia kupitia lango lile. Watu walikanyagana wakikimbia, wakasukumana handakini. Msichana aliishi, akaolewa, akazaa, akazeeka katika nyumba yenye balungi. Na katika ukurasa wa mwisho kabisa kulikuwa na ule moto: “Kila mwaka aliuwasha mbele ya lango lake mwenyewe, katika mwezi wa joto kali, kwa maana baridi ya hatia haina msimu. Majirani walimletea kuni wakidhani ni huruma.”

Doan alilia, na hilo ndilo aliloshindwa kulisamehe. Alilia kwanza kama msomaji, kwa kuwa sentensi zile zilikuwa nzuri; kisha akakumbuka ni nani anayezungumziwa, akalia kwa hasira ya kwamba alikwisha kulia. Miaka yote alikuwa amejifunza kumwamini mtu anayejua wali ulipikwa kwa kuni gani. Sasa mtu huyo ameupika uongo, na kuni za kuupikia alizikata katika bustani yake. Angalau angekosea kisu, angekosea wimbo, pangekuwa na ufa wa mtu kushika na kusema: tazama, huyu hajui. Hapakuwa na ufa. Kila kitu kilikuwa kweli isipokuwa yeye.

Kitabu kikapendwa. Baada ya Tet wageni walianza kusimama mbele ya lango la nyumba wakiwa na simu zao mikononi. Watoto wa mtaa waliwatamkia jina ili wapewe peremende. Sokoni muuzaji mmoja, aliyejua tangu zamani neno la nyumba ile, alikiita kitu kile kwa jina lake halisi mbele ya Doan, kwa sauti kubwa, kisha akajifanya anapanga mizani.

Mwezi Machi Mac Khai alikuja Hue kuzungumza na wasomaji katika mgahawa mmoja kando ya Mto Huong. Doan alivaa ao dai, kanzu yake ndefu ya ualimu, ya rangi ya zambarau, akakaa safu ya mbele. Muda wa maswali ulipofika alisimama.

“Mwandishi, ninaomba kujua. Jambo la lango ulilipata wapi?”

Mac Khai alimtambua, akafurahi waziwazi. “Wapendwa, huyu ndiye dada wa Kim Long!” Watu wakapiga makofi. “Dada, jambo la lango nimelibuni. Ndiyo kazi yangu.”

“Na moto?”

“Moto ulinipa wewe.”

“Na jina?”

“Dada, nilijaribu majina mengine. Kitabu kilikataa. Nilipoweka lile, mwanamke akasimama, akatembea.”

“Alikuwa akitembea kabla hujazaliwa.”

Kicheko kidogo kilipita chumbani, kile cha watu wasiojua wako upande gani. Mac Khai akaweka mkono kifuani. “Niruhusu niseme kwa heshima zote. Nani alikuwa anamjua nje ya mtaa wenu? Leo nchi nzima inamlilia. Nimempa uhai usiokwisha.”

“Umempa mashtaka yasiyokwisha,” Doan alisema. “Nilikupa kisu cha popoo, ukamchinja nacho mwenye kisu. Kama ulitaka msaliti, ungemzaa wa kwako, ukamlea, ukampa jina kutoka kwenye ukoo wako. Mbona mama yako wewe hana lango katika kitabu hiki?”

Binti aliyeongoza mazungumzo alishika kipaza sauti haraka na kusema kwamba hakika riwaya njema hugusa hisia, na kwamba upande ule kuna chai. Mtu nyuma ya Doan alinong’ona, “Kumbe ni ukoo wenyewe. Lazima wakane, wafanyeje?” Alirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa amesema kila alilotaka kusema, kwa maneno aliyoyataka, na halikusaidia kitu.

Mama hakuambiwa. Mama alikuwa bado anamngojea Mac Khai aje kula.

Siku ya ishirini na tatu ya mwezi wa tano iliangukia tarehe 17 Juni mwaka ule. Alasiri Doan alitoa meza, akapanga wali, chumvi, mahindi na mtungi wa maji. Mama aliketi kwenye kiti chake karibu na lango, mikono magotini, kama kila mwaka. Macho yalipomwacha alijifunza kuwatambua majirani kwa mlio wa kuni zao zinapotua: zilizokaushwa vizuri hulia kama vigae, mbichi hulia kama viazi. Aliwasalimia kwa majina kabla hawajafungua mdomo, na wao walipenda sana mchezo huo, wakawa wanabadilishana kuni ili wamkoseshe.

Barabara ilikuwa kimya. Ng’ambo, Bi Thiep, muuza vitumbua vya mchele vya mvuke, ambaye mama yake na bibi yake walileta kuni, alikuwa amewasha kijimoto chake mwenyewe ndani ya bati. Doan alivuka.

“Bi Thiep, mwaka huu kuni zimekuwa nzito?”

“Aa, dada, mgongo tu.” Bi Thiep alipepea bati lake ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. “Na hivi watoto hawataki. Wanasema sisi miaka yote tulikuwa tunamwashia moto yule aliyewaua.”

“Na wewe unasema nini? Umeula wali wa nyumba ile tangu huna meno.”

“Mimi nimesoma kitabu, dada. Mimi mtu wa vitumbua, lakini nimesoma. Kimesema hadi balungi lenu liko upande gani. Kimesema kisu kimemeguka wapi, kisu nilichokiona kwa macho yangu haya! Sasa mtu asiyekosea kisu, atakosea lango?”

Hiyo ilikuwa hoja ya Doan mwenyewe, ile aliyowafundishia walimu wenzake, imemrudia kutoka ng’ambo ya barabara ikiwa na aproni kiunoni.

Aliporudi mama alikuwa ameinua kichwa. “Bado hawajaja?”

“Wanakuja, Mama.”

Alizunguka nyuma ya nyumba, akachukua kuni ghalani, akapitia uchochoro wa jirani na kutokea barabarani. Akaziangusha mbele ya mama, kavu, kwa kishindo.

“Karibu, Thiep,” mama alisema.

Doan akazunguka tena. Safari hii alichukua mbichi, akavuta mguu kidogo.

“Karibu, Bwana Luong. Goti bado?”

Alipokuja mara ya tatu, akihema, nywele zimeshikana na jasho, mama hakusema karibu. Aliacha kuni zitue, zikatua.

“Doan,” alisema, “miguu yako naijua tangu ilipokuwa haijagusa ardhi. Acha kuigiza majirani. Keti chini utazirai.”

Doan akaketi juu ya kizingiti, mahali ambapo hakuna anayepaswa kuketi.

“Na kile kitabu nacho uliniigizia.”

“Nacho, Mama.”

“Nilijua. Tangu pale kwenye lango. Mwanzo maneno yalikuwa na mifupa, halafu ghafla yakawa uji. ‘Akakaa kimya hadi afisa akapita.’ Mtoto wa kusini aandike hivyo? Nikasema moyoni, hapa binti yangu ananificha kitu, ngoja nione ataweza hadi lini.” Alinyoosha mkono, akapapasa hadi akapata bega la Doan. “Alisema Bibi Mkuu amefanya nini?”

“Alisema alilifungua.”

Ng’ambo ya barabara bati la Bi Thiep lilikuwa likitoa cheche.

“Kalete kitabu. Nisomee kama kilivyo. Jina liruke.”

“Mama, jina limekwisha kutoka. Watoto wanalitangazia watalii.”

“Wao walitafune. Sisi tunaendelea kulifungia mdomo.”

Doan akawasha moto kwa kuni zao wenyewe, akasoma kando yake: komeo, handaki, miaka mingi ya kimya, na baridi ya hatia isiyo na msimu. Kila jina lilipofika aliinua macho kutoka kwenye ukurasa na kuliacha lipite. Alipomaliza mama aliuliza swali moja.

“Ni kizuri?”

Doan alitamani sana kusema hapana. “Ni kizuri, Mama.”

“Ndiyo maana.” Mama alisukuma kuni kwa ncha ya fimbo yake. “Ulimpenda. Hata mimi nilimpenda. Ila wewe una ugonjwa mmoja, mwanangu: mgeni akiusifu mchuzi, unampa na chungu. Ndiyo sababu kuna jambo moja nililokunyima.”

Akamwambia sababu ya kwanza ya moto, ile iliyomfanya Bibi Mkuu aanze kuuwasha. Bibi Mkuu alimweleza msichana wa miaka kumi na minne, ubavuni pake, katika mwaka wake wa mwisho. Na msichana huyo alikuwa amelificha tangu wakati huo, hata kwa wanawe. Halikuwa jambo la aibu. Lingeandikwa mahali popote, hakuna jirani ambaye asingekuja mbio na kuni zake, na uso ameuinamisha.

Doan aliliona hilo mara moja. “Mama, nikilisema hili kesho—”

“Kesho litakuwa mjini. Keshokutwa litakuwa Saigon, na yeye ana kalamu nzuri kuliko yako. Atalipamba. Hili ni letu, Doan. Likae baridi kama lilivyo.”

“Na watu waendelee kuamini?”

“Wameshaamini. Wewe ulitaka nini, tuwahonge?”

Alilokuwa ameambiwa lilibaki pale kizingitini. Wapo waliomuuliza Doan baadaye kwa nia njema, na mmoja alikuwa mwandishi wa gazeti; Doan aliwapa chai tu.

Mwezi uliofuata aliandika barua kwa mchapishaji. Hakuomba lango liondolewe, wala moto, wala jina, kwa kuwa alikwisha kuelewa kwamba hayo hayakuwa tena mkononi mwake. Aliomba jambo moja tu: yale maneno ya shukrani yafutwe, kwa sababu hakumfungulia mtu huyo lango lolote, alimfungulia mlango wa jikoni, na hayo ni mambo mawili tofauti. Hakujibiwa.

Toleo la pili la *Mvua Juu ya Ngome* lilitoka Machi 2018. Lango limo, moto umo, jina limo. Ukurasa wa shukrani umeachwa mweupe. Tarehe 6 Julai 2018, siku ya ishirini na tatu ya mwezi wa tano, moto uliwashwa Kim Long kwa kuni za nyumba yenyewe na mzigo mmoja wa Bi Thiep, aliyeubwaga mbele ya kiti cha mama na kusema asishukuriwe, stoo yake imevuja na hana pa kuziweka. Nyumba nyingine za mtaa ziliweka meza zao na kuwasha mishumaa.